Nyuzi za Jiwe la Kiberiti

Makambako, karakana, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Editha,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kumjulisha mtu kwamba sisi huku ni wazima, wasiwasi ni juu yake yeye aliye mbali. Sasa wewe hauko mbali. Nakusikia hapo jikoni unacheka na mama yako, na sasa hivi umepiga chafya kwa moshi wa mabanzi ya msonobari niliyokwambia yana maji bado. Afya yako naijua. Wasiwasi ni juu yangu mimi.

Nimejifungia karakana nikisingizia kazi ya mteja. Mteja hayupo. Naandika kwa hii penseli bapa ya kuchorea mbao, kwa hiyo ukiona herufi zimenenepa usidhani nimekunywa ulanzi. Mambo ya sweta, ya kutomwachia mtu begi lako stendi, ya kusali kabla ya kulala na ya kutokopesha vyombo, mama yako ameyamaliza, na nilivyomsikia mchana ameshaanza kuyarudia. Siyagusi. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni lile jiwe.

Jiwe unalijua tangu hujaweza kutamka jina lako vizuri. Lakini habari yake unaijua nusu, maana kila nikianza kuisimulia unaniambia, "Baba, hiyo tumeshaisikia." Leo huwezi kunikatisha.

Babu yako alilipata kwetu Ludewa akichimba mtaro wa kinyungu chake, pale bondeni tulipokuwa tukilima maharage wakati wa kiangazi. Siku nilipoondoka nyumbani kwenda Njombe kujifunza useremala hakuwa na kitu cha kunipa, na ilimuuma. Alinisindikiza hadi mahali pa kusubiria lori, tukakaa kwenye gogo, na lori lilipoanza kusikika kwenye mlima akaingiza mkono kwenye koti lake akanitolea hilo jiwe. Nililishika nikashangaa. Rangi yake ilikuwa ya shaba iliyosuguliwa, pande sita zote sawasawa, kona kali, na ubavuni lilichomoza jingine dogo la namna ileile, kama mtoto anayechungulia kwenye mgongo wa mama yake.

"Nani amelichonga, baba?"

"Hakuna. Limetoka ardhini hivyohivyo."

"Haiwezekani. Kitu kama hiki lazima kina fundi."

"Otmari," akasema, "wewe ardhi umeshaiona ndani?"

Moyoni nikasema mzee wangu hajui. Nikapanda lori. Sikumtazama vizuri wakati wa kuagana kwa sababu nilikuwa nalitazama jiwe. Hilo linanisumbua mpaka leo, maana sikumbuki hata alivaa kofia gani.

Sasa nusu unayoifahamu: nilidhani ni dhahabu. Nilivaa shati la Jumapili nikaenda kwa sonara mmoja pale mjini Njombe, nimelifunga jiwe kwenye leso, na njiani nilikuwa nimeshamjengea babu yako nyumba ya bati kichwani mwangu. Yule sonara hakulipima wala hakulitia kwenye moto. Alichukua kigae cha sakafuni, akakigeuza upande wa nyuma usiong'aa, akalisugua. Likaacha mstari mweusi. Akaniambia, "Kijana, dhahabu ikisuguliwa inaandika dhahabu. Hili linaandika masizi." Nikatoka na leso yangu. Wenzangu tuliokuwa tukijifunza nao kazi walinicheka hadi nikatamani kurudi Ludewa, na kwa muda mrefu waliniita Sonara.

Nusu usiyoijua ni hii. Nilipokabidhiwa skwea kwa mara ya kwanza, kile chuma cha kupimia kona, kitu cha kwanza nilichopima hakikuwa mbao. Nilisubiri fundi wangu aende kula, nikalitoa jiwe. Kona zote zilikaa sawa, mwanga haukupenya popote. Mimi wakati ule nilikuwa nikitengeneza stuli zinazocheza, na fundi alikuwa akizirudisha kwa mguu. Nilikaa chini nikaona wivu. Nililionea wivu jiwe, Editha, nakwambia ukweli. Tangu siku hiyo nikaamini kabisa kwamba mahali fulani alikuwepo fundi aliyelipiga randa, na kwamba babu yako amenidanganya kwa upendo tu, ili nisijisikie vibaya kwamba sina zawadi ya maana.

Halafu ukazaliwa wewe, tukawa tumeshahamia hapa Makambako, na karakana hii ndiyo iliyokulea. Mama yako alikuwa akienda sokoni na viazi, anakuacha kwangu. Ulikuwa ukilala kwenye maranda hapo pembeni, tena ukilazwa kitandani unalia. Upepo wa huku ukivuma bati linapiga kelele, treni inalia kule stesheni, wewe usingizi mzito, jiwe mkononi. Ukiamka unaokota vipande vya mbao nilivyokata unavipanga. Kwa kawaida watoto hujenga nyumba, wewe hukujenga nyumba. Ulikuwa ukipanga tu, kimoja kando ya kingine, safu juu ya safu, na ukikosa kipande cha kufanana unakuja kunivuta suruali nikukatie kingine.

Unakumbuka ulipochomoa vile vijiti? Mbao mbichi tunazipanga na vijiti katikati ya kila tabaka ili hewa ipite, na wewe uliviona ni vizuri ukavichomoa vya upande mmoja. Rundo zima likalala. Nilikufokea mpaka mama wa jirani akaja kuangalia. Kisha ukaniuliza, na machozi yako hayajakauka, kwa nini kile kijiti kidogo kinaweza kubeba rundo lote. Nikakununulia andazi. Natamani kuirudia siku hiyo, hata kwa hasara ya mbao.

Basi ukafaulu kwenda sekondari ya bweni Njombe. Juma la mwisho ukaniomba jiwe. Mimi nilikuwa sitaki kuachana nalo, na wewe nilikuwa sitaki kukunyima. Nikapata wazo nililoliona la busara kuliko yote: tuligawane. Unajua upande wa lile jiwe ulivyokuwa na mistari myembamba iliyonyooka, imepangana kutoka ukingo hadi ukingo. Mimi nikaona nyuzi. Mbao ina nyuzi zake, na seremala akizifuata, patasi moja tu ubao unapasuka ulivyonyooka. Hata mtoto wa seremala anajua hilo. Ulijua, lakini ulisema:

"Baba, usilipige."

"Naziona nyuzi zake, mama. Litapasuka katikati, nusu yako, nusu yangu."

"Huku zimelala, lakini upande huu zimesimama. Ubao hauwi hivyo."

"Nani fundi hapa?"

Nililibana kwenye jiliwa, nikaweka patasi juu ya mstari wa katikati, nikapiga nyundo. Cheche ikaruka. Halikupasuka katikati, lilivunjikavunjika kama chupa, vipande vikaingia hadi kwenye maranda, na karakana nzima ikanuka kama mtu amewasha njiti nyingi za kiberiti kwa pamoja. Kilichosalia kizima ni yule mtoto wa mgongoni, aling'oka peke yake akaangukia mguuni pako. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii mkuu ndiye hakusikia, na guu halikuvunjika lake.

Hukulia. Ningeshukuru ungelia. Ulichuchumaa ukaokota vipande kimoja kimoja, ukavitia kwenye kopo la misumari, ukaliweka rafuni, ukaenda kufunga sanduku lako. Uliondoka kesho yake bila jiwe. Nilibaki na patasi iliyopata pengo, nami sikuinoa muda mrefu.

Likizo uliporudi ulikuwa umebadilika sauti. Mwalimu wako wa sayansi alikuwa amewaambia kwamba jiwe la namna ile linaitwa pairaiti, ndani yake ni chuma na kiberiti. Mimi nikacheka. Nikakuuliza, "Kiberiti kipi, hiki cha kuwashia jiko?" Nikatoa na kasha mfukoni nikalitikisa. Ukasema, "Ndiyo maana lilinuka, baba." Kicheko changu kikaishia hapo. Tangu siku hiyo humu nyumbani likaitwa jiwe la kiberiti, na mama yako akawa anakutania kwamba akikosa njiti atakuja kuligonga.

Kisha ukaketi palepale kwenye maranda, msichana mkubwa na sketi yako ya shule, ukaanza kunipangia vipande vya mbao kama zamani. Ukaniambia kila kitu kigumu kina chembe zake, na kwenye jiwe kama lile chembe hazikurundikana hovyo. Zimepangwa. Umbo moja dogo sana linajirudia mbele, kando na juu, bila kuchoka, mpaka mkono wa mtu unaweza kulishika. Kona niliyoionea wivu imetokana na mpango wa ndani. Hakuna randa iliyopita pale.

"Na ile mistari?" nikauliza.

Hapo ukachukua njiti mbili kwenye kasha langu, ukazishikanisha. "Chembe za kiberiti humo hazikai mojamoja. Zinakaa mbilimbili, zimeshikana. Kila jozi imelala mshazari, na jozi ya jirani imelala mshazari wa upande mwingine. Ndiyo maana ukiligeuza robo halifanani tena na lilivyokuwa. Huku mistari imelala, huku imesimama."

"Kwa hiyo ni nyuzi, ila za jiwe."

"Hapana, baba. Ni alama za kukua. Lilikuwa likiongezeka tabaka kwa tabaka, likaacha mistari. Si njia ya kupasukia."

 Wewe kwa kunihurumia ukaniambia lipo jiwe jingine, la risasi na kiberiti, ambalo ukiligonga linapasuka miraba midogo sawasawa, na kwamba ningekuwa nalo hilo ningeonekana fundi kweli. Tulicheka sana siku ile. Nilikumbuka pia babu yako kwenye gogo akiniuliza kama nimeshaiona ardhi ndani, nikajua kwamba mzee hakunidanganya. Nilimpigia simu jioni ileile kumwambia. Akasema, "Sasa umechelewa nini kuniamini?" akanidai sukari.

Ungedhani mtu aliyevunja jiwe mara moja atakuwa amejifunza. Babu yako alipougua tukamleta hospitali ya Ilembula, na wewe ndiye uliyekaa naye. Ulimlisha, ulimwosha, ulimgeuza kitandani kwa utaratibu ambao sikuwahi kuuona kwako. Manesi walikusifia mbele yangu. Babu yako alifariki mkono wake ukiwa ndani ya mkono wako, mimi nikiwa nje natafuta chai. Pale mlangoni na chupa yangu ya chai nilikutazama nikaona mstari ulionyooka kabisa. Nikasema, huyu ni nesi. Tena nesi wa hapohapo Ilembula, Jumapili anakuja nyumbani, anakula nami, sipati simu usiku kwamba mtoto wangu yuko mbali anaumwa.

Sikukuuliza. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka nilisimama kwenye jumuiya, baada ya sala, nikawashukuru watu kwa maombi yao na kuwatangazia kwamba Editha anakwenda kusomea uuguzi. Walipiga makofi. Mama yako alinitazama kwa jicho ambalo nalijua, nikajifanya sikuliona. Wewe hukuwepo, ulikuwa Kichiwa kwa shangazi yako mkivuna viazi. Habari ulizipokea bombani, siku uliyorudi, kutoka kwa mama wa watu na ndoo yake: "Kamwene, nesi wetu! Hongera, baba yako ametuambia."

Ulikuja hapa karakana na ndoo haina maji. Nakumbuka maranda yalikuwa yakiruka kwa upepo wa mlangoni. Hukupaza sauti.

"Baba, umeniwekea patasi."

Ukasema unataka kusomea mawe, chuoni Dodoma. Nikakujibu vibaya. Nilisema mtoto wa kike akasome mawe ili iweje, akaolewe na mlima? Nilisema hayo kwa sababu niliogopa, Editha. Nilikuwa nimemzika babu yako, nikakuona wewe unataka kwenda Dodoma, nikaona nyumba inabaki na randa na misumari tu. Woga ukitoka mdomoni mwa mwanaume wa Kipangwa unatoka kama hasira, huo ni ugonjwa wetu. Sikutaka kukuumiza. Jiwe nalo sikutaka kuliumiza.

Ulibaki na heshima zako zote. "Shikamoo, baba," asubuhi. "Chakula tayari, baba," jioni. Kati ya hapo hakuna neno. Nilikuwa natamani unijibu ovyo nikugombeze, tumalizane. Ukimya wako ulikuwa na adabu kuliko niliyokufundisha mimi.

Mwisho nilirudi kwenye jumuiya. Mama yako hakunisukuma, ingawa anasema alinisukuma. Nilisimama palepale nikasema niliwaambia jambo ambalo halikuwa langu kulisema, Editha hajawahi kutaka uuguzi, anakwenda kusoma miamba, na huruma aliyomwonesha babu yake ilikuwa ya mjukuu, haikuwa ya kazi. Mzee mmoja akauliza kama huko kuna ajira. Nikamwambia sijui, na kwamba safari hii nikiwa sijui nasema sijui. Wakacheka, wakatusalia.

Najua habari hiyo ilikufikia, maana bombani hakuna siri. Lakini mimi na wewe hatukuigusa. Ulipopata nafasi chuoni nilikwambia hongera, ukasema asante baba, nikakutengenezea sanduku la mninga ukasema ni zito, utabeba begi. Ndivyo tulivyofika leo. Basi lako ni alfajiri. Nimeogopa kwamba utaondoka kama nilivyoondoka mimi, ila wewe ukiwa huna hata jiwe la kutazama, na mimi nitabaki sikumbuki ulivaa nini.

Kwa hiyo mchana huu, ulipokwenda kuwaaga majirani, nilipanda kwenye stuli kulitafuta kopo rafuni. Nilitaka kukufungia yule mtoto wa mgongoni, kile kipande kizima, nikuwekee begini pamoja na maneno mawili. Nilidhani vipande vingine vitakuwa vimeoza. Unakumbuka uliniambia jiwe hili likikaa kwenye unyevu linaugua, linatoa unga mweupe na kula hata kitambaa, na mimi nikakujibu kwamba mawe ya siku hizi yana mambo mengi. Rafuni sikulikuta; umelihamishia kando ya dohani ya jiko la hapa karakana, mahali pakavu. Sijui ulifanya lini. Nikafungua. Yule mdogo yumo, kona zake kali vilevile, umemfunga kwenye kipande cha kanga ya mama yako. Lile pande kubwa la mama yake, lenye kovu jeusi la patasi yangu, halimo.

Nikaenda jikoni nikamwuliza mama yako. Hakugeuka, akaendelea kumenya viazi. "Amelitia kwenye soksi, liko begini. Usilisumbue."

"Na hili zima?"

"Amesema hilo ni lako. Mligawane, si ndivyo ulivyotaka?"

Nimerudi hapa nikakaa kwenye maranda yako. Nimelia kidogo, na nikalaumu vumbi ingawa hapakuwa na mtu wa kumdanganya. Hapo ndipo nilipotafuta karatasi.

Editha, sina ushauri wa kukupa kuhusu miamba. Ninachojua ni hiki nilichokiandika, na kimenigharimu jiwe moja na miezi kadhaa ya sauti yako. Nenda ukaone ardhi ndani, ambako mimi na babu yako hatukufika. Ukikosea, na utakosea, usiketi na kosa peke yako kwa aibu kama nilivyoketi na leso yangu. Nipigie. Nitacheka kwanza, halafu nitakusikiliza. Asubuhi tukiwa stendi nikikutazama mno kuanzia kichwani mpaka viatuni usione haya, nakariri nguo.

Barua hii naiweka begini, karibu na hiyo soksi. Huko chuoni watakapowaambia mtoe mawe yenu mezani, mwalimu atalishika hilo lako atalitazama pande zote, atauliza ni nani huyo aliyelivunja jiwe zuri namna hii kwa patasi. Usinifiche. Mwambie ni baba yangu, ni seremala, yuko Makambako. Aliona mistari ya kukua akadhani ni ubao.

Akupendaye,
Baba